Eliudi au Eliud: Jina Adimu la Kiebrania na Herufi Yake ya Mwisho

Eliudi ni jina la kiume lenye asili ya Kiebrania. Katika Biblia linapatikana mahali pamoja tu, sura ya kwanza ya Injili ya Mathayo, mstari wa 14 na wa 15. Mwenye jina hakuwa mfalme wala nabii. Ametajwa katika orodha ya ukoo wa Daudi kama mwana wa Akimu na baba wa Eleazari, na kutoka kwake ukoo unapita kwa Eleazari, Matani, Yakobo na Yusufu, kisha unafika kwa Yesu. Hakuna neno alilosema wala tendo alilotenda lililoandikwa. Hata orodha ya ukoo iliyomo katika Injili ya Luka haimtaji.

Kwa sababu hiyo jina hili limekuwa adimu katika sehemu kubwa ya dunia. Wazungu waliojaza madaftari ya ubatizo kwa akina Yohana, Yakobo na Danieli hawakulitumia sana. Afrika Mashariki limepata bahati nyingine: lipo Kenya na lipo Tanzania, na tangu mwanariadha Eliud Kipchoge apate umaarufu, kuna watu wa kila pembe ya dunia wanaolijua bila kujua limetoka wapi. Mzazi anayetaka kumpa mwanawe jina hili ana mambo matatu ya kuyapima: maana yake, umbo lake, na namna ya kuliandikisha ili lisije likamsumbua mtoto ukubwani.

Maana ya jina

Eliudi ni jina la sehemu mbili. Ya kwanza, Eli, imetokana na El, neno la Kiebrania la kumtaja Mungu, pamoja na kiungo kinachoweza kufasiriwa kuwa "wangu". Ya pili ni hod, maana yake fahari, utukufu au enzi. Zikiunganishwa hupatikana Elihud, yaani "Mungu wangu ni fahari" au "Mungu wangu ni utukufu". Hod hiyo haina uhusiano wowote na hodi inayobishwa mlangoni.

Wapo wafasiri walioiona katika sehemu ya pili nchi ya Yuda, wakalifasiri jina kuwa "Mungu wa Yuda". Tafsiri ya fahari ina nguvu zaidi kwa kuwa hod inatumika kwa namna hiyohiyo katika majina mengine ya Kiebrania. Abihudi ni "baba yangu ni fahari", Ahihudi ni "ndugu yangu ni fahari", na Amihudi, anayetajwa katika kitabu cha Hesabu, ni "jamaa yangu ni fahari". Elihud linakaa vizuri katika safu hiyo: kilichobadilika ni yule anayesifiwa.

Sehemu ya El si ngeni hata kwa asiyewahi kufungua Biblia. Ndiyo inayosikika mwishoni mwa Ismaili, ambalo kwa Kiebrania ni "Mungu husikia". Inasikika pia katika Jibrili na Mikaili. Katika majina hayo El imewekwa nyuma, katika Eliudi imewekwa mbele. Mtaani Magomeni, Dar es Salaam, ambako Jibrili na Gabrieli wanaweza kupanga vyumba viwili vinavyotazamana katika nyumba moja, maelezo haya hutosha kumwonyesha jirani Mwislamu kwamba jina la mtoto mgeni lina sehemu anayoijua tangu madrasa.

Jirani huyohuyo anaweza kuuliza kama mwisho wa jina ni Nabii Hudi. Majina hayo yana mlio unaokaribiana tu. Hudi wa Kurani, ambaye sura ya 11 imepewa jina lake, ni nabii aliyetumwa kwa kaumu ya Adi. Eliudi wa Mathayo ni mtu mwingine, katika habari nyingine.

Herufi iliyoanguka na herufi iliyoongezwa

Kama asili ni Elihud, h imekwenda wapi? Injili ya Mathayo imetufikia kwa Kigiriki, na alfabeti ya Kigiriki haikuwa na herufi ya kuandika h katikati ya neno. Mwandishi aliandika Elioud, likisomwa "Eliud". Kutoka hapo likaingia katika Kilatini, kisha katika Kiingereza cha Biblia ya mwaka 1611, likiwa Eliud bila h. Agano la Kale la Kiebrania halina mtu yeyote anayeitwa Elihud, kwa hiyo hakukuwa na mahali pa kulirudishia jina herufi iliyopotea. Ndiyo maana Eliud huhesabiwa kuwa umbo la Kigiriki la jina la Kiebrania, wala si tahajia ya Kiebrania yenyewe.

Kiswahili nacho kikaongeza chake. Neno la Kiswahili huishia kwenye irabu, na majina ya wageni hufuata mkondo huo: Samuel akawa Samweli, Ezekiel akawa Ezekieli. Eliud akawa Eliudi, akahesabiwa silabi nne, e-li-u-di, mkazo ukiangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama kawaida ya lugha: eliUdi. Wakazi wa Dar es Salaam hawahitaji mfano wa mbali kuelewa jambo hili. Kariakoo yenyewe ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kilichopita katika vinywa vya watu wa mji kikapewa irabu mpaka kikawa jina la soko.

Basi jina hili lilipoteza h njiani likapata i lilipofika. Ile h haimsumbui mtu leo. Inayosumbua ni ile i, kwa kuwa nusu ya watu huiandika na nusu huiacha, na mashine za ofisini huhesabu Eliud na Eliudi kuwa watu wawili.

Majina yanayofanana nalo

Kabla ya kuamua, inafaa kulitenga jina hili na majirani zake, kwa sababu makarani, walimu na hata ndugu hulibadilisha bila kukusudia.

Elihu ni jina jingine kabisa, ingawa ndilo linalokaribiana nalo zaidi. Ni la yule kijana anayeingilia mazungumzo ya Ayubu na rafiki zake kuanzia sura ya 32 ya kitabu cha Ayubu, na maana yake ni "yeye ndiye Mungu wangu". Eliya ni "Yahwe ndiye Mungu wangu". Tafsiri ya Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 huandika Eliya, na Biblia Habari Njema huandika Elia. Elias ni umbo la Kigiriki la jina hilohilo. Eliezeri, ambalo wengi hulifupisha kuwa Elieza, ni "Mungu wangu ni msaada". Eleazari ni "Mungu amesaidia", na ndilo lililofupishwa na kupitia Kigiriki likawa Lazaro. Eliakimu ni "Mungu atasimamisha". Elimeleki ni "Mungu wangu ni mfalme".

Eliuteri halimo kabisa katika ukoo huu. Hilo ni la Kigiriki, limetokana na neno lenye maana ya mtu huru. Kwa kuwa linaanza na Eliu, huchanganywa na Eliudi mara kwa mara, hasa karani anapoandika kwa kusikia.

Eli, kuhani aliyemlea Samweli, ni jina lenye asili yake pia. Kwa Kiebrania linaanza na herufi nyingine na halina El ndani yake. Mtoto Eliudi akiitwa Eli nyumbani, amefupishiwa jina lake, hajapewa jina la kuhani.

Kuna pia kundi jingine ambalo limezaliwa hapahapa Tanzania. Kaskazini, hasa kwa Walutheri wa Uchagani na Upareni, wazazi walichukua Eli ya Biblia wakaiunganisha na maneno ya Kiswahili na ya lugha zao: Elibariki, Elihuruma, Elirehema, Elifuraha, Elisante. Wenye majina ya namna hii ni pamoja na Elinaza Sendoro, aliyekuwa askofu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Dayosisi ya Mashariki na Pwani, na Elisante Ole Gabriel, aliyeteuliwa kuwa Mtendaji Mkuu wa Mahakama. Watu wa miji ya pwani wakisikia Eliudi hudhani ni la kundi hilo na humuuliza mwenye jina kama ni Mchaga. Tofauti ni kwamba Elibariki hueleweka na kila anayejua Kiswahili, wakati Eliudi linahitaji kuelezwa.

Lilivyofika na waliolibeba

Kanisa Katoliki kwa muda mrefu lilihimiza majina ya watakatifu. Sheria yake ya mwaka 1917 ilimtaka paroko ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo, na kama wazazi wameshikilia jina jingine, aliongezee la mtakatifu. Eliudi hana sikukuu inayojulikana katika kalenda ya watakatifu, kwa hiyo hakuwa jina la kukumbukwa parokiani. Madhehebu ya Kiprotestanti hayakuwa na kalenda hiyo. Kwao Biblia yote ilikuwa hazina ya majina, pamoja na yale ya watu waliotajwa mara moja.

Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ilitoka mwaka 1891, na tafsiri za lugha za makabila zikafuata. Aliyejifunza kusoma kwa kitabu cha Agano Jipya alianza na Mathayo, na Mathayo anaanza na ukurasa uliojaa majina: Azori, Sadoki, Akimu, Eliudi, Eleazari. Mtu anayetafuta jina jipya la ubatizo hakuhitaji kufunua ukurasa wa pili. Hii ni sababu inayoelekea kueleza kwa nini majina ambayo Ulaya ilikuwa imeyasahau yalichukuliwa na Wakristo wa kizazi cha kwanza na cha pili wa Afrika Mashariki.

Kenya ndiko jina lilikopata watu mashuhuri mapema. Eliud Mathu, aliyezaliwa mwaka 1910, aliteuliwa mwaka 1944 kuwa Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Eliud Wabukala alikuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Kenya kuanzia 2009 hadi 2016. Eliud Owalo aliingia katika baraza la mawaziri la Kenya mwaka 2022. Tanzania nayo ina Eliud Ambokile, mshambuliaji aliyetamba na Mbeya City kabla ya kwenda TP Mazembe ya Kongo. Nje ya Afrika, Eliud Williams alikuwa rais wa Dominica, kisiwa kidogo cha Karibi, mwaka 2012 hadi 2013.

Aliyelieneza zaidi ni Eliud Kipchoge, aliyezaliwa mwaka 1984 katika kaunti ya Nandi. Alishinda dhahabu ya marathoni katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akairudia katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, alikimbia umbali wa marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Muda huo haukuandikwa kuwa rekodi rasmi kwa sababu mbio zenyewe ziliandaliwa maalumu kwa ajili yake, lakini ulimfanya kuwa mtu wa kwanza kumaliza umbali huo chini ya saa 2. Rekodi yake rasmi ya 2:01:09, aliyoiweka Berlin mwaka 2022, ilivunjwa mwaka uliofuata na Mkenya mwenzake, Kelvin Kiptum.

Kwa mzazi wa leo sifa hiyo ina faida na ina uzito wake. Mtoto hatalazimika kulitaja jina lake mara tatu akiwa ugenini. Papo hapo, kila mwalimu wa michezo atamuuliza kama anakimbia. Jina likitolewa kwa heshima ya mwanariadha, ni vema mtoto aambiwe hivyo na aambiwe pia maana ya kale, ili jina lisimame lenyewe hata kama miguu yake haitapenda mbio.

Jina hili katika mtaa wa Magomeni

Magomeni ni mtaa wa mchanganyiko. Wenyeji wa pwani, wengi wao Waislamu, wamekaa pamoja na watu wa bara waliokuja kutafuta maisha, na nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili zimewafanya walee watoto katika ua mmoja. Katika ua kama huo majina ya Kiebrania hukutana yakiwa na sura mbili. Yohana ni Yahya, Yona ni Yunusi, Isaka ni Is-haka, Eliya ni Ilyasi. Elisha ni Alyasaa, ambalo watu huweza kulichanganya na Ilyasi wakadhani ni la nabii mmoja. Daudi, Musa, Haruni, Zakaria na Ayubu hata sura mbili hawana, ni walewale kwa pande zote.

Eliudi halina mwenzake wa Kiislamu. Kurani haimtaji, na hakuna umbo la Kiarabu lililozoeleka. Anayeitwa hivyo atatambuliwa kuwa ametoka katika nyumba ya Kikristo. Kwa familia nyingi hilo halina tatizo, na pengine ndilo linalotakiwa. Kwa wazazi wa dini mbili, au familia ambayo bibi wa upande mmoja anataka mjukuu mwenye jina atakaloweza kulitamka katika dua zake, inafaa kufikiria mara mbili. Wanaopenda maana inayomtaja Mungu wanaweza kuchagua jina la Kiebrania linalokubalika pande zote, kama Ismaili au Zakaria, ambalo ni "Yahwe amekumbuka". Wanaopenda Eliudi lenyewe wanaweza kuongeza jina la pili la nyumbani.

Desturi ya majina mawili si ngeni mtaani hapo. Mwalimu Nyerere, aliyeishi Magomeni katika miaka ya kupigania uhuru, alikuwa Kambarage kwao Butiama kabla ya kubatizwa Julius mwaka 1943, na majina yote mawili yalimfuata hadi mwisho. La muhimu ni kuamua mapema lipi litaandikwa katika hati na lipi litabaki la nyumbani.

Jina la mtoto wa kwanza hubebwa pia na wazazi. Siku chache baada ya kujifungua, mama hataitwa tena kwa jina lake na majirani. Atakuwa Mama Eliudi, na mume wake Baba Eliudi, kuanzia kwa muuza mkaa hadi kwa mwenye nyumba. Njia rahisi ya kulipima jina ni kuliita hivyo kwa sauti, kutoka uani hadi barabarani, kabla ya kulipeleka kanisani. Eliudi hupita mtihani huo vizuri kwa kuwa linaishia kwenye irabu.

Kuna pia suala la jina la utani. Wenzake watalifupisha kuwa Eli, au watachukua mwisho wake wamwite Udi. Katika mji ambao udi huchomwa harusini na kuuzwa Kariakoo, na ambao udi mwingine hupigwa katika taarabu, utani huo hauepukiki, wala hauna ubaya: vitu vyote viwili vinapendwa. Mzazi asiyeutaka azoeshe Eli tangu mtoto akiwa mchanga.

Kuchagua tahajia

Maumbo yanayostahili kufikiriwa ni mawili, Eliudi na Eliud. Elihud, lenye h ya asili, ni sahihi kwa Kiebrania, lakini halimo katika Biblia yoyote ya Kiswahili iliyozoeleka, na mwenye jina atatumia miaka yake akiieleza h hiyo madirishani. Eriudi ni kosa linalotokana na matamshi ya lugha zisizotenganisha r na l. Eliuti ni kosa la kusikia.

Eliudi lina sifa tatu. Linafuata Kiswahili, linaandikwa kama linavyotamkwa, na ndilo linalosomwa katika Mathayo ya Kiswahili. Karani akilisikia, ataliandika sawasawa bila kuuliza. Eliud linafuata Kiingereza na matumizi ya Kenya, na linafaa kwa familia yenye ndugu upande huo au inayotarajia mtoto atasoma nje. Upungufu wake ni kwamba mdomo wa Mswahili utaongeza i hata kama haikuandikwa, na anayeandika kwa kusikia ataiandika.

Kwa mtoto atakayekulia Dar es Salaam, Eliudi ni chaguo lenye usumbufu mdogo. Hata hivyo umbo lolote kati ya hayo mawili litamfaa, ilimradi libaki lilelile katika kila karatasi. Majina ya baba na ya babu yanayofuata nayo yatazamwe. Kama baba ameandikwa Daniel bila i katika kitambulisho chake, mtoto aandikwe Eliudi Daniel, kwa kuwa jina la baba halipaswi kuongezewa irabu ili lilingane na la mwana.

Kuliandikisha

Uandikishaji wa kuzaliwa Tanzania Bara unasimamiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, chini ya Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108. Kizazi kinatakiwa kisajiliwe ndani ya siku 90. Baada ya muda huo bado kinaweza kusajiliwa, lakini kwa vielelezo zaidi na safari zaidi.

Hatua ya kwanza hufanyika wodini. Mama aliyejifungua katika kituo cha afya au hospitali hupewa tangazo la kizazi, karatasi inayothibitisha kuwa mtoto amezaliwa, wapi na lini. Ni hapo ambapo makosa mengi ya majina huzaliwa pamoja na mtoto. Muuguzi ana foleni, mama amechoka, na jina linatajwa kwa mdomo. Dawa yake ni ndogo: jina kamili liandikwe kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi kabla ya siku za kujifungua, pamoja na majina ya baba na mama kama yalivyo katika vitambulisho vyao, na karatasi hiyo iwekwe ndani ya kadi ya kliniki. Anayejaza fomu akabidhiwe karatasi aisome badala ya kusikiliza.

Kama jina halijaamuliwa, ni afadhali kuchelewa siku chache kuliko kuandika la kukisia. Familia nyingi husubiri neno la babu, au hungoja ubatizo. Kungoja kunaruhusika, ilimradi zile siku 90 zisisahauliwe.

Hatua ya pili ni kuomba cheti cha kuzaliwa. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano upo mpango maalumu ulioanzia Mbeya mwaka 2013 na kusambazwa mikoani, unaosogeza usajili katika vituo vya tiba na ofisi za kata. Mzazi wa Magomeni aanzie kliniki mtoto anakopimwa uzito, au kwa mtendaji wa kata, aulize huduma inapatikana wapi kwa wakati huo. Maombi hufanyika pia kwa mtandao kupitia mfumo wa RITA. Wengi hujaziwa fomu hiyo steshenari, na hapo tahadhari iwe ileile: kabla kijana wa steshenari hajabonyeza kutuma, mzazi asome kila herufi kwenye kioo cha kompyuta. Vilevile cheti kikitoka kisomwe dirishani kabla ya kuondoka.

Hatua ya tatu husahauliwa na wengi. Cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki, fomu ya bima ya afya na fomu ya kuanza shule vyote vifuate cheti cha kuzaliwa. Mtoto akiandikwa Eliudi serikalini na Eliud kanisani, tofauti hiyo italala miaka mingi bila kumgusa mtu, kisha itaamka siku anapotafuta kazi au hati ya kusafiria. Katibu wa usharika au wa parokia huandika anachopewa, kwa hiyo siku ya kuandikisha ubatizo mzazi aende na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Kwa upande wa Wakatoliki, sheria ya kanisa ya mwaka 1983 inataka tu jina lisiwe geni kwa fikra ya Kikristo, kwa hiyo Eliudi lililotoka katika Injili halina kikwazo.

Shuleni uangalifu uongezeke mtoto anapokaribia mtihani wa taifa. Majina yanayopelekwa Baraza la Mitihani kwa ajili ya mtihani ndiyo yanayomfuata mwanafunzi katika vyeti. Shule nyingi hubandika orodha ya watahiniwa ili wazazi waihakiki. Orodha hiyo si ya kupitiwa kwa jicho moja. Mtoto atazamwe jina lake la kwanza, la kati na la mwisho, na i yake kama ipo au haipo.

Akitimiza miaka 18 atajiandikisha katika Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA. Jina litakaloingia humo ndilo litakalosajili laini yake ya simu kwa alama za vidole, na ndilo litakalotokea mbele ya macho ya mtu anayemtumia pesa kabla hajathibitisha muamala. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayetuma malipo kwa "Eliudi" akaona "Eriud" kwenye simu ana haki ya kusita.

Kusahihisha kosa

Kosa likigunduliwa mapema, marekebisho ni mepesi. Kama cheti kimetoka na herufi isiyo sahihi wakati tangazo la kizazi liko sawa, kosa ni la uandishi, na mzazi hurudi ofisi iliyotoa cheti akiwa na hati zote mbili. Kama tangazo lenyewe lilikosewa, utahitajika ushahidi mwingine, kama kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo, na pengine kiapo cha mzazi mbele ya wakili au hakimu.

Kwa mtu mzima ambaye hati zake zimegawanyika, baadhi zikisema Eliud na nyingine Eliudi, njia huwa mbili. Ya kwanza ni kiapo kinachotamka kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Hicho hutosha pale taasisi inapotaka maelezo tu. Ya pili ni hati ya kubadili jina inayoandaliwa na wakili na kusajiliwa rasmi, baada ya hapo hati nyingine hurekebishwa moja baada ya nyingine kwa kuifuata. Kabla ya kuchagua kati ya hizo mbili, mwenye jina azikusanye hati zake zote juu ya meza moja, aone ni umbo gani limeandikwa katika hati nyingi na katika zile zisizobadilika kirahisi, hasa vyeti vya mitihani ya taifa. Umbo hilo ndilo la kulifuata, hata kama silo alilokuwa akilipenda, kwa sababu ni rahisi kuisahihisha kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo kuliko cheti cha kidato cha nne.

Baada ya marekebisho, nakala ya kiapo au ya hati ya kubadili jina ihifadhiwe pamoja na cheti cha kuzaliwa katika bahasha moja. Atakayeuliza kuhusu tofauti ya herufi aonyeshwe hati hiyo pamoja na cheti.